Hati ya Miaka 999: Tarikhi ya Makaburu wa Uasin Gishu Isomwapo Isiolo

Msafiri atokaye Nanyuki au Meru akateremka hadi Isiolo huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake, mashamba ya ngano na misitu ya mlimani yakibaki nyuma na uwanda wa kaskazini ukifunguka usioonekana mwisho; na katika zama za ukoloni msafiri huyo alisimamishwa hapo mjini penye kizuizi cha polisi, akaulizwa jina lake na shughuli yake, kwa kuwa kuanzia hapo ilianza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi iliyofungwa kwa amri ya serikali, ambayo mtu wa nje hakuruhusiwa kuiingia bila ya kibali. Kizuizi kile kiliondolewa zamani, ila swali lake lilibaki. Tangu mradi wa bandari ya Lamu na njia zake ulipozinduliwa mwaka 2012, na thamani ya viwanja vya Isiolo ikaanza kupanda, ni nadra kupata baraza mjini hapa ambalo mazungumzo yake hayaishii katika jambo lile lile: nani mwenyeji, nani mgeni, na nani alimtangulia mwenziwe.

Swali hilo ni zito Isiolo kuliko mahali pengi, kwa sababu mji huu, ukiuchungua vyema, ni mji wa watu waliohamia. Waborana wa Waso walisogezwa kuelekea magharibi kutoka upande wa Wajir hata ukingoni mwa Uaso Nyiro katika miaka ya 1930, pale serikali ya kikoloni ilipoamua kuwatenga na Wasomali. Wameru walishuka kutoka vilima vya Nyambene. Waturkana walifika kutoka kaskazini ya mbali. Wasamburu walifuata malisho kama walivyoyafuata tangu kale. Na Wasomali wa koo za Isaaq na Harti walipewa makao hapa baada ya kuitumikia bendera ya Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mmoja ana hoja yake, na kila mmoja huileta nasaba yake mbele ya baraza mithili ya shahidi.

Kabla ya hukumu kutolewa, ni vyema tuisome tarikhi ya wahamiaji wengine walioingia Kenya karibu katika kizazi kile kile, nao ni Makaburu, uzao wa Waholanzi wa Afrika Kusini, ambao mwaka 1908 walifunga magari yao mjini Nakuru wakaelekea magharibi hadi uwanda wa Uasin Gishu. Hao walipewa ardhi kwa hati, ilhali Wasomali wa Isiolo walipewa ruhusa ya kukaa tu. Waliopewa hati wameondoka, na waliopewa ruhusa wako hapa hata leo.

Bustani iliyozaa taifa

Mwaka 1602 matajiri wa Uholanzi waliunda kampuni ya kufanya biashara na nchi za mashariki ya India, na tarehe 6 Aprili 1652 mtumishi wa kampuni hiyo, Jan van Riebeeck, akatia nanga chini ya Mlima wa Meza, katika Rasi ya Tumaini Jema, si kwa nia ya kusimamisha dola, bali apande mboga na anunue nyama kwa ajili ya mabaharia waendao Batavia huko mashariki. Miaka mitano baadaye Kampuni iliwaachilia watumishi wake tisa wawe wakulima huru, na katika hao tisa ndipo ilipootea mbegu ya taifa zima. Mwaka 1688 waliongezeka Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya dini, wakaja pia Wajerumani wengi waliotafuta riziki katika merikebu za Kampuni, hata ikawa yule aliyeitwa Mholanzi wa Rasi alikuwa na damu ya mataifa kadhaa kabla ya karne kutimia.

Watu hao walikuwa na ada moja iliyowapambanua na jirani zao wengi wa Afrika: waliandika. Kanisa lao liliyatia daftarini majina ya waliobatizwa na waliofunga ndoa, na nyumbani ilikuwamo Biblia kubwa ya familia ambayo kurasa zake za mwanzo ziliandikwa siku za kuzaliwa na siku za kufa. Kwa sababu hiyo, Kaburu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1930 aliweza kuirudisha nasaba yake, baba kwa baba, hata akamfikia baharia au askari fulani aliyeshuka pwani ya Rasi zaidi ya miaka 200 kabla yake. Wasomali wana ilimu hiyo hiyo, ila wao wameihifadhi vifuani: mtoto wa Kiisaaq hufundishwa angali mdogo kuwataja babu zake mmoja baada ya mmoja, hadi amfikie Sheikh Ishaq bin Ahmed, ambaye kaburi lake huzuriwa huko Maydh, katika pwani ya Somaliland.

Daftari, lakini, lina tabia ya kusema kweli hata pale mwenye daftari anapotamani linyamaze. Vitabu vya Rasi vinamtaja Angela wa Bengal, mwanamke aliyeletwa mtumwa kutoka mashariki, akapewa uhuru mwaka 1666, na mwaka 1669 akaolewa na Mzungu aitwaye Arnoldus Basson. Katika kizazi chao zimo familia nyingi za Kikaburu zenye jaha. Vinamtaja kadhalika Krotoa, binti wa Kikhoi aliyelelewa nyumbani mwa van Riebeeck akawa mkalimani baina ya Waholanzi na jamaa zake, akabatizwa jina la Eva, na mwaka 1664 akaolewa na tabibu Pieter van Meerhof, Mdenmark aliyekuwa katika utumishi wa Kampuni. Naye pia ni bibi wa Makaburu wengi. Wajukuu wa wanawake hao wawili, mmoja Mwasia na mwingine Mwafrika, ndio waliokuja kuhesabiwa kuwa Wazungu halisi chini ya sheria ya mwaka 1949 iliyokataza ndoa baina ya Mzungu na asiye Mzungu. Mababa wa ukoo walitajwa kwa fahari kizazi baada ya kizazi. Akina mama wengine walifunikwa kimya, hadi wataalamu wa nasaba walipowafunua.

Nasi watu wa pwani na wa bara ya Kiislamu tunayo haki ya kuongeza jambo jingine. Katika watu walioletwa Rasi kwa nguvu za Kampuni alikuwamo Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanachuoni aliyehamishwa huko mwaka 1694 kwa kuwapinga Waholanzi, ambaye hata leo huheshimiwa kwa kuutia nguvu Uislamu wa Afrika Kusini. Na ile lugha ya Makaburu, ambayo baadaye ilifanywa alama ya ubaguzi, iliandikwa na Waislamu wa Cape Town kwa herufi za Kiarabu, hata kitabu cha fikihi cha Sheikh Abu Bakr Effendi kilichotungwa kwa lugha hiyo kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Hapana taifa lililo peke yake, hata lile lililotumia nguvu zake zote kuwa peke yake.

Kuhama kuwa ndiyo tabia

Uingereza iliitwaa Rasi mara ya kwanza mwaka 1795, na baada ya kuirudisha kwa muda mfupi ikaitwaa tena mwaka 1806 isiiachie. Na mwaka 1834 ikawafungulia watumwa. Makaburu wengi, ambao uchumi wao ulisimama juu ya migongo ya watumwa hao, hawakuridhika na dola iliyowapa sheria mpya na lugha mpya, na kuanzia mwaka 1835 maelfu yao walipakia jamaa zao katika magari ya maksai wakaingia bara, wakapigana na Wazulu na Wandebele, wakaziteka nchi za watu, na mwisho wakasimamisha jamhuri mbili za Transvaal na Orange Free State. Wengine hawakutosheka na hapo, wakavuka jangwa kuelekea kaskazini magharibi, ambako wengi waliangamia kwa kiu, na waliosalia wakafika Humpata katika nchi ya Angola. Hivyo kuhama, ambako kwa watu wengine ni msiba, kwao kulikuwa tabia, na watoto waliozaliwa garini walikua wakiamini ya kwamba nchi nzuri iko ng'ambo ya kilima kinachofuata, na ya kwamba aikaaye hahesabiwi.

Vita vya mwaka 1899 hadi 1902 baina yao na Waingereza viliwaacha hoi. Mashamba yalichomwa moto, mifugo ikachinjwa, na wanawake na watoto wakafungiwa kambini, ambako zaidi ya 26,000 walikufa kwa maradhi na utapiamlo. Na katika kambi nyingine walifungiwa Waafrika, nao wakafa kwa maelfu, ingawa vitabu vya zamani viliwasahau. Mkataba wa amani ulipotiwa saini tarehe 31 Mei 1902, walikuwapo Makaburu wasioweza kuishi chini ya aliyewashinda, na walikuwapo pia walioshutumiwa na ndugu zao kwamba waliweka silaha chini mapema au walimsaidia adui, nao wakaona haya kukaa kijiji kimoja na wajane. Baadhi yao walikwenda Argentina. Wengine wakafika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na kupewa mashamba pande za Arusha na Meru. Na wengine wakaielekea Kenya, ambayo wakati huo iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki.

Kutoka Nakuru hadi Sergoit

Msafara ulio mashuhuri kuliko yote ni ule ulioongozwa na Jan van Rensburg mwaka 1908. Familia kadiri ya 50 zilipanda meli Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, pamoja na magari yao, farasi wao na majembe yao ya plau, zikashuka Mombasa, zikapandishwa garimoshi hadi Nakuru, na huko wakanunua maksai na kuwafundisha nira. Mwezi wa Agosti wakaanza kupanda kuelekea magharibi kwa njia ya Eldama Ravine, wakakata mianzi na kufyeka msitu ili magurudumu yapate kupita, wakaongeza maksai kwa gari moja penye tope, na palipokuwa na bonde wakalaza magogo. Tarehe 22 Oktoba 1908 walitua chini ya kilima cha Sergoit, mbele ya uwanda wa nyasi uliojaa twiga, pundamilia na simba, wakaona ya kuwa safari yao imefika. Mwaka 1911 zilifuata familia nyingine zipatazo 60.

Uwanda ule waliuona mtupu, na neno hilo la utupu ndilo msingi wa madai yao yote. Lakini uwanda haukuwa mtupu kwa asili. Ulikuwa umeachwa wazi na vita. Mashimo ya Wasirikwa, yaliyochimbwa kuwa mazizi ya ng'ombe, yalionekana kila upande, na ndiyo ithibati ya watu waliokaa hapo karne nyingi. Baada yao walikaa Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo inaloitwa nchi ile hadi leo, hata wakavunjwa na Wamaasai wenzao katika vita vya karne ya 19. Baadaye Wanandi walilisha ng'ombe wao huko; nao, baada ya kupigana na Waingereza na reli yao kwa miaka mingi, walipoteza kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda katika mkutano ulioitwa wa amani, wakasukumwa ndani ya mipaka waliyochorewa. Kati ya kifo cha Koitalel na kufika kwa van Rensburg imepita miaka mitatu tu. Tena kabla ya Makaburu nchi hiyo hiyo ilikwisha kutolewa na Waziri Joseph Chamberlain kwa Wayahudi waliokuwa wakitafuta makao, nao baada ya kutuma wajumbe waitazame wakaikataa mwaka 1905. Nchi ilitolewa mara mbili kwa mataifa mawili na serikali iliyokuwa London, na hata mara moja hakuulizwa aliyechimba zizi wala aliyelisha ng'ombe.

Makaburu hawakuja na mali, na ni dhuluma kuwasawazisha na mabwana wakubwa wa Bonde la Ufa. Wengi waliishi katika nyumba za udongo na nyasi, wakatengeneza viatu na sabuni kwa mikono yao, wakauza nyama ya wanyama wa mwitu, na wakajipatia fedha kwa kuwalimia wenzao Waingereza kwa plau na kuwachukulia mizigo kwa magari ya maksai. Shamba lililopewa namba 64 lilifanywa makao ya serikali, na hadi leo wakazi wa Eldoret huuita mji wao Sisibo kutokana na namba hiyo. Jina la Eldoret lenyewe lilitolewa mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Waingereza waliwadharau kwa umaskini na kwa lugha yao, nao Makaburu wakajikunja ndani ya kanisa lao la Vergenoeg na shule zao, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakaiandika Biblia ya familia kama walivyofanya babu zao.

Wafanyakazi Waafrika walioishi katika mashamba hayo, wengi wao wakiwa Wanandi, Wakeiyo na Waluhya, hawakuandikwa katika Biblia ile, ingawa walizaliwa na kuzikwa ndani ya mipaka ya shamba lile lile, na ingawa ngano ile ililimwa kwa mikono yao. Na juu ya yote ilikuwako hati. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu mlowezi kukodishiwa shamba kwa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikauongeza muda huo hadi miaka 999. Na amri ya mwaka 1939 ikazithibitisha nyanda za juu kuwa za Wazungu peke yao. Hesabu ya hati hiyo ingemfikisha mwenyewe katika karne ya 30.

Waliopewa ruhusa

Sasa turejee Isiolo. Wasomali wa Isaaq na Harti waliifikia Kenya kwa njia ya bahari na kwa njia ya nchi kavu. Wengi walikuwa mabaharia, wakalimani, askari na wachungaji waliotoka Berbera na Aden, bandari mbili za dola ya Uingereza, na baadhi yao walifuatana na wawindaji wa Kizungu. Huyo Lord Delamere, aliyekuja kuwa mkubwa wa walowezi, aliingia nchini mwaka 1897 akitokea Somaliland pamoja na watumishi wa Kisomali. Vita vilipokwisha mwaka 1918, askari na wasaidizi wao walihitaji mahali pa kukaa na mifugo yao, na serikali ikawaelekeza Isiolo, mahali penye maji, chini kidogo ya mstari ambao juu yake palikuwa pa Wazungu. Walipewa ruhusa ya kukaa na kulisha, na juu ya ruhusa hiyo yakawekwa masharti ya vibali, mipaka ya malisho na idadi ya mifugo. Ilikuwa ruhusa ambayo mkuu wa wilaya aliweza kuipunguza asubuhi moja kwa kalamu yake.

Hata biashara yao ilikatwa na mstari ule ule. Katika miaka ya mwanzo Wasomali walishusha ng'ombe na kondoo wa kaskazini wakawauzia walowezi waliokuwa wakijaza mazizi yao. Lakini mazizi yalipokwisha kujaa, mfugo wa kaskazini ukaonekana kuwa mkoba wa maradhi, sheria za karantini zikakazwa, na Isiolo ikawa mlango ambao ng'ombe aliweza kusimamishwa miezi akingoja ruhusa ya kuteremka. Maradhi yalikuwako kweli, hasa homa ya mapafu. Na hofu ya mlowezi kushindwa sokoni ilikuwako pia, na sheria moja ikatumika kwa mambo yote mawili.

Hapa insafu inanilazimu niseme jambo ambalo watu wangu wa Isiolo hawapendi kulisikia. Wasomali wa mji huu hawakupigania usawa wa wote. Walipigania daraja yao. Sheria ya mwaka 1919 iliyowaondoa baadhi yao katika hesabu ya wenyeji ilipokelewa kwa furaha, na katika miaka ya 1930 Waisaaq walitaka wahesabiwe miongoni mwa Waasia, hata wakadai kutozwa kodi ya Waasia iliyokuwa kubwa zaidi, wakatuma maombi London, na hoja yao kuu ilikuwa nasaba: kwamba wao ni wana wa sharifu wa Bara Arabu, basi si haki wawekwe sahani moja na Waafrika. Kaburu alileta Biblia, Msomali akaleta shajara ya nasaba, na wote wawili walikuwa wakimwambia Mwingereza neno moja, ya kwamba sisi si kama hawa tunaoishi nao. Kosa lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika nguvu, kwa maana dai la Kaburu lilipewa ardhi na dai la Msomali likapewa karatasi. Wala tusisahau kwamba shajara ile nayo ina kimya chake: akina mama wa Kiborana, wa Kisakuye na wa Kimeru walioolewa katika nyumba za Isiolo hawatajwi mtoto anapohesabu babu zake, ingawa ndimi za watoto hao, zinazoruka kutoka Kisomali hadi Kiborana na Kiswahili katika sentensi moja, zinawashuhudia.

Mwaka wa kupambanuka

Mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1960 uliwabainishia walowezi ya kuwa Kenya itatawaliwa na walio wengi. Waingereza wengi walingoja waone bei. Makaburu wengi hawakungoja. Walikwisha kuyaona yaliyowafika Wabelgiji wa Kongo mwaka huo huo, na walikuwa na Afrika Kusini ya ubaguzi ikiwakaribisha kwa mikono miwili. Basi wakauza au wakaacha, wakapakia malori, wakapita Tanganyika na Rhodesia, wakaishuka kwa miezi michache njia ambayo babu zao waliipanda kwa kizazi kizima. Kufikia uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 jumuiya yao ilikuwa imevunjika, wakabaki wachache wa kuhesabika. Tangu Sergoit hadi hapo ilikuwa miaka 55. Ile zaidi ya 900 iliyosalia katika hati ya miaka 999 haikuwa na mtu wa kuidai. Mashamba mengi yaligawanywa na kuuzwa tena, na katika mambo yote waliyoyajenga, lililo hai zaidi ni Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, lililochipuka katika kazi ya dini waliyoifanya kwa wafanyakazi wao. Yaani wamerithiwa na wale wasioandikwa katika Biblia ya familia.

Isiolo nayo ilijaribiwa mwaka huo huo, na mtihani wake ulikuwa mgumu zaidi. Tume iliyotumwa kaskazini mwaka 1962 ilikuta watu wengi wa jimbo lile wakitaka kujiunga na Somalia, Uingereza ikakataa, na tarehe 28 Juni 1963 Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, Mborana na Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho hapa, akauawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido walipokuwa katika safari ya kuwanasihi watu. Vita vya Shifta vilivyofuata, baina ya serikali na waliotaka kujitenga, viliwala wenye hatia na wasio na hatia. Watu wa Garba Tulla na Merti walikusanywa kambini, ngamia na ng'ombe wao wakafa au wakachukuliwa, na matajiri wa mifugo wakawa waomba posho, hadi Kenya na Somalia zilipopatana mjini Arusha mwezi wa Oktoba 1967. Na baada ya miaka 22, mwezi wa Novemba 1989, Wasomali wa Kenya waliamriwa waende kuhojiwa mmoja mmoja ili ibainike kama ni raia, na waliothibitishwa wakapewa kadi ya pili ambayo Mkenya mwingine hakuihitaji.

Wasomali wa Isiolo walikuwa na sababu nyingi za kuondoka kuliko Kaburu. Wengine waliondoka, wakaenda Somalia, Ghuba na Ulaya. Waliobaki walizika wazee wao katika makaburi ya Isiolo, wakafungua tena maduka, wakarudisha mifugo kidogo kidogo, wakaswali katika misikiti ile ile na Waborana waliokuwa wamepoteza kama wao, na katika shida ile yakafanyika yale ambayo maombi ya London hayakuyataka, nayo ni kuwa sehemu ya watu wa mahali. Msomali wa Isiolo hakufanywa mwenyeji na Sheikh Ishaq wala na medali ya babu yake. Alifanywa mwenyeji alipokula njaa moja na jirani yake.

Hukumu na ombi

Kama Makaburu wangefanya hivyo, je, wangekuwa wenyeji? Naamini wangekuwa, na wale wachache waliobaki na kukubali sheria za nchi ni raia kama mimi na wewe. Miaka mingi na wingi wa kurasa za nasaba haviwezi kumfanya mtu mwenyeji ikiwa kila msiba ukija anayo nchi nyingine ya kukimbilia, na ikiwa ndani ya kizazi kizima hajaona kwamba aliyemlimia shamba anastahili kuandikwa jina lake.

Basi katika ugomvi wa leo wa viwanja na malisho ya Isiolo, ambamo kila jamii huja na mwaka iliofika, napenda kusema waziwazi kwamba hoja ya aliyetangulia ni hoja dhaifu. Kwani ikipewa nguvu, itatulazimu sote tuondoke, tumwachie nchi mtu wa kale ambaye hata jina lake halikumbukwi. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 zimeufungua mlango mwingine, yaani wanaoitumia ardhi kwa pamoja waandikishwe pamoja, na kila mtu mzima wa jamii ahesabiwe, mwanamume na mwanamke. Kazi hiyo ifanywe kwa haraka na kwa uwazi, kabla wenye fedha wa mbali hawajatufanyia kama London ilivyofanya Uasin Gishu, ikaigawa nchi ya watu kwa kuiita tupu.

Na kwako wewe msomaji wa Bulla Pesa, wa Kulamawe, wa Merti au wa Oldonyiro, nina ombi moja dogo. Wazee walioiona Isiolo ya kizuizi, ya kambi na ya karantini wanapungua kila mwaka, na elimu yao iko vifuani. Chukua daftari, keti nao, andika. Na unapowaandika babu zako waulize pia majina ya bibi zako, walitoka wapi na walizungumza lugha gani, nao uwaandike mstari mmoja na waume zao.